Nilidhani ugonjwa umerudi, kumbe ilikuwa dawa

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Kibuye hapa Kisumu, na mwaka wa 2016 nikiwa na miaka 24 niliugua akili. Vile ilianza sitaeleza sana, wengi wenu mmeiona kwa nyumba zenu. Karibu wiki mbili nilikuwa nalala masaa mawili tu kwa usiku, nikaanza kuskia watu wakinisema ndani ya mlio wa cherehani, nikikanyaga nawaskia, nikiacha wananyamaza, mpaka nikaogopa kazi yangu mwenyewe. Dada yangu na mamangu mdogo walinipeleka hospitali wakiwa wamenifunga leso mikononi. Baadaye daktari aliniambia jina lake ni skizofrenia. Lakini leo nataka kuongea juu ya dawa, kwa sababu siku hizi ugonjwa wenyewe watu wameanza kuuongea kidogo kidogo, ila vile mtu anaishi na hizo tembe kila usiku miaka nenda miaka rudi, hakuna mtu alinikalisha chini akaniambia, nilijua kwa kuumia.

Siku ya kwanza wodini nilidungwa dawa ya akili inaitwa haloperidol, usiku huo nikalala kama mtoto. Siku ya pili jioni shingo ikaanza kuvutwa upande wa kushoto, pole pole, kama mtu amenishika nywele anavuta, nikijaribu kuirudisha inakataa, halafu macho yakapanda juu yakakwama, naona dari tu, taya imekaza, ulimi mzito siwezi kutamka. Mamangu mdogo alipoona hivo akaanza kulia na kuomba kwa sauti, "nyathina, jachien amekushika", yaani mwanangu, pepo amekushika, wagonjwa wengine wakasogea mbali na kitanda changu. Na mimi ndani yangu nilikuwa timamu kabisa kwa hizo dakika, nakumbuka kila kitu, nilichokuwa nataka ni mtu aniambie hii ni nini. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akaniangalia mara moja tu akasema "hii ni dawa, si pepo". Akanidunga sindano nyingine na nusu saa haikuisha kabla shingo haijarudi mahali pake. Ndo akamweleza mamangu mdogo kwamba haloperidol inaweza kukaza misuli hivo siku za kwanza kwanza, zaidi kwa vijana, na iko na dawa ya kuifungua, na ikitokea mtu akiwa nyumbani msingoje asubuhi, mtafute gari saa hiyo hiyo kwa sababu ikishika koo mtu anaweza kukosa hewa.

Nafikiria sana kama ningekuwa nyumbani siku hiyo. Najua tungeenda wapi, tungeenda kwa maombi, na dawa ningeambiwa nitupe.

Nilitoka na haloperidol ya miligramu 5, na benzhexol ya kuzuia ule mkazo. Kwa bahasha waliandika moja asubuhi moja usiku, basi, hakuna maneno mengine. Sauti ziliisha kabisa, na kwa hilo nashukuru mpaka leo. Nikarudi kazini, na hapo ndo shida ingine ikaanza, maana ile benzhexol ilinikausha mdomo na kunifunga choo, na macho ya karibu yakawa na ukungu, nikawa siwezi kutia uzi kwenye sindano. Fundi ambaye hawezi kutia uzi! Nilikuwa naita mtoto wa jirani anitilie halafu namdanganya mteja ati nimeumwa na jicho.

Lakini kubwa zaidi ilikuwa miguu. Kama wiki tatu hivi baada ya kutoka hospitali nilishindwa kukaa. Nikikaa kwa cherehani mguu unakanyaga wenyewe hata kama hakuna nguo chini ya sindano, nikisimama nabadilisha mguu huu na huu, nikilala nainuka, natembea kutoka mlango mpaka kwa jiko, narudi, naenda tena. Haikuwa maumivu, ilikuwa ni kama kuna kitu ndani ya mifupa kinaniambia inuka inuka inuka. Kanisani nilitoka mara nne kabla mahubiri yaishe. Dada yangu akaniangalia na ile jicho ya uoga nikajua anafikiria nini, na mimi pia nilikuwa nafikiria hivo hivo, kwamba imerudi. Akaamua kuniongezea nusu tembe jioni, kwa upendo kabisa, ndo nitulie. Nikazidi. Usiku huo nilizunguka ploti mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna mtu ananifukuza, na nitasema ukweli kwa sababu kuna mtu anasoma hii akiwa kwa hiyo hali, nilifikiria kujitoa uhai. Si kwa sababu ya sauti, sauti hazikuwepo. Ni kwa sababu mwili ulikataa kunipa hata dakika tano ya kutulia na sikujua itaisha lini.

Asubuhi dada yangu akanipeleka kliniki. Sista akaniuliza swali moja ambalo ningependa kila mtu wa familia alijue, aliniuliza "huo wasiwasi uko kwa akili ama uko kwa miguu?" Nikanyoosha kidole kwa miguu, nikaanza kulia. Daktari akasema dawa ndo inafanya hivo, kwa hivyo ile nusu tembe tuliyoongeza ilikuwa ni kumwagia moto mafuta ya taa. Akapunguza haloperidol, akanipatia propranolol, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya presha, lakini kwanza akauliza kama nina pumu, kwa sababu mtu wa pumu hiyo haimfai. Kwa kemisti wakaniuliza kama niko na presha, nikawaambia hapana, ni ya miguu, wakashangaa. Baada ya siku chache nilikaa kwa kiti nikamaliza sketi ya yunifomu yote bila kuinuka. Niliiangalia ile sketi kama nimeshona gauni ya harusi.

Sasa ungedhani baada ya hapo nilikuwa na akili ya kuskiza kliniki. Hapana. Mwanzo wa 2017 nilijiona nimepona, kazi iko, usingizi uko, na kuna mchungaji kwenye kanisa moja alisema mbele ya watu kwamba kuendelea na tembe ni kukosa imani. Nikaacha, siku moja tu, zote. Na mtego ni huu, hakuna kitu kilitokea. Wiki ya kwanza niko sawa, ya pili niko sawa, hata bora, macho yamefunguka natia uzi mwenyewe, nikasema unaona. Wiki ya sita nikaanza kukosa usingizi. Ya nane cherehani ikaanza kuongea. Wakati watu wa nyumbani walijua, nilikuwa nimeshakata vitambaa vya wateja saba vipande vipande nikiamini kuna maneno yameshonwa ndani. Nililipa hivo vitambaa kwa mwaka mzima. Kile sikuwa najua ni kwamba kule kupona ndo dawa yenyewe ikifanya kazi, na ukiiacha haikuachi siku hiyo hiyo, inakupa muda wa kutosha ujidanganye, ndo ugonjwa ukirudi huwezi hata kuunganisha na siku ile uliacha.

Mara ya pili daktari alikuwa mwingine, kijana, akaniuliza kwa nini niliacha. Nilitarajia kugombezwa. Nikamwambia ukweli, macho, mdomo, choo, miguu, aibu. Akaandika yote. Akasema si lazima turudi kwa ile, akanianzishia dawa ingine ya akili, olanzapine, kidogo kwanza mpaka ikafika miligramu 10 usiku. Akasema pia, na hii ni muhimu, kwamba kama kuna siku nitataka kuacha nije nimwambie kwanza nikiwa bado nameza, tutapunguza pamoja pole pole. Hakunikataza kutaka. Hiyo ilinifanya nimwamini.

Olanzapine haikunigusa miguu. Ilinigusa tumbo. Njaa yake si njaa ya kawaida, unamaliza ugali na sukuma na omena, umeshiba unajua umeshiba, na bado mkono unatafuta sufuria. Mimi ni fundi, tepu iko shingoni kutwa nzima, kwa hivyo sikuhitaji mtu aniambie. Kiuno kilikuwa inchi 31 nikianza, miezi minne baadaye ni 36. Nikafungua daftari la vipimo vya wateja nikajiandikia ukurasa wangu, tarehe, kiuno, kilo, na huo ukurasa ndo umenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Maana ukienda kliniki na kusema "naona nimenenepa" unaambiwa punguza kula, lakini nilipoweka daftari mezani daktari alinyamaza akahesabu, akaagiza nipimwe sukari ya asubuhi kabla ya kula, mafuta ya damu na presha. Hizo vipimo zinafaa kufanywa ukianza, na tena baada ya miezi mitatu hivi, na kila mwaka, kwa sababu hii dawa inaweza kuleta kisukari polepole bila wewe kuskia kitu. Mimi hakuna mtu alikuwa amenipima nikianza. Sukari ilikuwa imepanda lakini haijafika kisukari. Niliacha soda kabisa, chai nikaanza kunywa bila sukari (hiyo ilikuwa ngumu, kwetu chai bila sukari unapewa ukiwa umekosana na mtu), na kutoka Kibuye mpaka Manyatta nikaanza kutembea badala ya boda. Kiuno kimekaa 35, 36. Hakijarudi 31, na nimekubali.

Usingizi nao ulikuwa unanimaliza. Nilikuwa nameza saa tano usiku nikienda kulala, naamka saa nne asubuhi kichwa kizito na wateja wamekuja wakaenda. Nilimwambia sista tu kwa kupita, hata sikudhani ni kitu cha kuambia daktari, akasema meza mapema, saa mbili. Nikajaribu. Saa kumi na mbili na nusu niko macho. Miezi mitano nilikuwa napoteza asubuhi zangu kwa sababu ya kitu cha masaa matatu. Kitu kingine aliniambia ni kuamka kwa hatua, kwanza nikae kwa kitanda, miguu chini, nihesabu, ndo nisimame, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Na joto la Kisumu mnalijua, Februari hapo mabati yanachoma, hizi dawa zinafanya mwili usijue kujipoza vizuri, kwa hivyo chupa ya maji iko karibu na cherehani kila siku.

Kwa kemisti nimefanya makosa mawili. Dawa ikikosekana hospitali inabidi ununue, na 2023 nilikuwa nimezoea tembe mbili za miligramu 5. Siku hiyo kemisti akanipa za 10, akasema dawa ni ile ile, na kweli ni ile ile. Nikameza mbili kama kawaida. Niliamka saa nane mchana mtoto wa dada yangu akinipiga mashavu. Siku hizi sisomi jina peke yake, nasoma na ile namba iko baada ya jina, na nikipewa tembe yenye rangi ama ukubwa tofauti siondoki hapo mpaka nielezwe. La pili, nilikuwa na tumbo, mtu akaniuzia ciprofloxacin ya taifodi bila kipimo kama vile huku tunapenda kufanya, siku ya tatu nikawa natembea kama mlevi, kizunguzungu na usingizi mchana. Sista akanieleza kwamba ciprofloxacin inazuia olanzapine isitoke haraka mwilini, inajaa. Na moshi wa sigara unafanya kinyume chake, unaiondoa haraka, kwa hivyo mtu anayevuta akiacha ghafla ile dozi yake ya zamani inaweza kumlemea, anafaa aambie kliniki kwanza. Hata kuacha kitu kibaya inataka kuambia daktari, nilishangaa.

Lakini kile nataka mskie zaidi, nyinyi wa huku upande wa ziwa, ni homa. Huku kwetu mtu akiskia joto ni malaria, hata hatubishani. Kuna mwenzangu tulikuwa tunakutana foleni ya kliniki, anadungwa sindano ile ya dawa ya akili ya kila mwezi, alipata homa, watu wa nyumbani wakanunua dawa ya malaria bila kumpima. Siku ya pili akaanza kutoa jasho kama amemwagiwa maji, mwili umekaza kama ubao, mikono haikunjiki, anaongea vitu haviunganiki. Wakasema ugonjwa wa akili umerudi. Walikuwa hata wanataka kumuongezea tembe. Bahati shemeji yake alikataa, akasema mtu mwenye wazimu hakakamai hivi, wakampeleka hospitali kubwa, malaria hakuna, ni dawa. Hiyo haitokei kwa watu wengi, lakini ikitokea inaua, na hapo ndo mahali pekee nimeskia daktari akisema dawa ya akili isimamishwe hapo hapo. Alikaa wodini wiki kadhaa, akapona. Kwa hivyo mimi nikiskia homa napimwa kweli, na neno la kwanza namwambia daktari kabla hata ya kueleza kichwa kinauma ni kwamba natumia olanzapine. Hata kama ni malaria kweli wanafaa kujua, kuna dawa za malaria ambazo zikikutana na baadhi ya hizi zetu zinaweza kuvuruga mpigo wa moyo.

Matanga ndo yalinisumbua kichwa kwa muda mrefu. Dani yangu, yaani nyanya, alipofariki tulienda Ugunja, na mnajua kesha ya kwetu, hakuna kulala, nyimbo mpaka jua litoke, na mjukuu akienda kulala saa tatu watu wanauliza huyu hakumpenda dani. Kukosa usingizi usiku mmoja kwangu si kitu kidogo, mara zote mbili ugonjwa uliingilia hapo. Nilikuwa nimeamua nitaruka tembe siku hiyo moja. Dada yangu akaenda kwa mama mdogo yule yule wa jachien, akamweleza, na mama mdogo mwenyewe akanitandikia nyumbani kwake nyuma, akanipa maji, akangoja nimeze, akafunga mlango na kukaa nje kwa kiti. Mtu akija kuniuliza anamwambia "amechoka, mwacheni". Asubuhi nikaamka mapema nikapika uji wa wageni wote. Hiyo ilikuwa 2019 na sijawahi kumshukuru vya kutosha.

Kuna siku pia nasahau, mimi ni mtu. Nikikumbuka usiku huo huo nameza, nikikumbuka kesho yake jioni naiacha iende, nameza ya siku hiyo tu, sirundiki mbili. Pombe sigusi, hata busaa ya harusi.

2021 nilipata mimba. Mama mkwe alisema niache tembe siku hiyo hiyo, na nilimwelewa, hata mimi mkono ulikuwa unatetemeka nikishika hiyo tembe. Nikaenda kliniki kesho yake asubuhi kabla sijafanya chochote. Daktari alipima pande zote mbili, hatari ya dawa kwa mtoto na hatari ya mimi kuugua nikiwa na mimba kama ile mara ya pili, akaongea pia na wale wa kliniki ya wajawazito, wakaamua niendelee, sukari ipimwe mara kwa mara, na nijifungulie hospitali kubwa mtoto aangaliwe siku za kwanza. Kwa mwingine wanaweza kuamua tofauti, na kwa dawa ingine pia. Msichana wangu ako na miaka minne, anapenda kukaa chini ya cherehani akiokota vipande.

Mwaka huu nimemwambia daktari nataka kujaribu kupunguza. Alikumbuka maneno yake ya 2017, akasema sawa, tutoke 10 twende 7.5, tukae hapo miezi, tuangalie usingizi kwanza kwa sababu kwangu huo ndo unasema mapema. Kwa hivyo ule ukurasa wa daftari umeongezewa safu ya nne, masaa niliyolala. Dada yangu bado ananitumia meseji saa mbili kila usiku, neno moja tu, "umemeza?", na mimi namjibu kwa neno moja.

Kliniki ni Jumanne. Kiuno 35, kilo 74, na usiku mbili kwa wiki iliyopita niliamka saa tisa nikakaa macho mpaka jogoo. Nimeandika zote mbili.